Gundi Juu ya Rangi

Kila siku alipotoka shuleni, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia karakana ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Mama yake alikuwa seremala. Kazi ya msichana ilikuwa kufagia maranda, kuokota misumari iliyodondoka na kuirudisha koponi, kisha kukaa kwenye pembe ya meza ya kazi na kufanya hesabu alizopewa na mwalimu. Alifagia mbio, akaokota mbio, akaandika mbio. Mtaani na shuleni walimwita Umeme. Jina hilo alipewa na bibi yake tangu angali mdogo, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kumaliza chakula, wa kwanza kumaliza kazi na wa kwanza kuuliza kama anaweza kwenda kucheza. Mama yake alipenda kumtania kwamba umeme wa nyumba yao ulikuwa kama umeme wowote, hukatika bila taarifa. Umeme alicheka tu. Jina lile aliliona ni sifa.

Niseme mapema kwamba hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na kasoro moja, kutopenda kungoja, na kasoro moja ikiachwa huzaa ya pili.

Shuleni kulikuwa na chama cha sayansi. Muhula ule mwalimu wa sayansi, mwanamume mrefu ambaye mifuko ya koti lake haikukosa vipande vya chaki, aliwapa wanachama kazi ya kuunda roketi ndogo za kurushwa uwanjani, wanafunzi wawili kwa roketi moja. Kila roketi ilikuwa bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa mkono, lenye pua ya mbao mbele na mwavuli wa nailoni ndani wa kuishusha polepole. Ubavuni ulibandikwa mrija mfupi wa kupitisha waya wa kurushia, na nyuma yalibandikwa mapezi matatu ya mbao nyembamba. Mwalimu alieleza kwamba mapezi hayo ndiyo yanayoinyoosha roketi hewani, na kwamba roketi isiyo na pezi haijui mbele wala nyuma. Injini za baruti alizifungia kabatini mwenyewe, ufunguo akautia shingoni. Roketi mbili zitakazoruka vizuri zaidi zingepelekwa kwenye maonyesho ya shule zote, na hilo ndilo lililowafanya wote wakose usingizi.

Umeme alipangwa na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Huyu aliitwa Rula, maana hakwenda popote bila rula, na watu walisema hata mkate aliupima kabla ya kuuma. Rula alichukua kazi ya bomba, mwavuli na mrija. Ili kuligawa bomba sehemu tatu sawa, alilizungushia ukanda wa karatasi, akaukunja ukanda huo mara tatu, akatia alama. Kisha akalilaza bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango wa darasa na kuvuta mistari mitatu iliyonyooka. Alitumia siku mbili. Umeme alichoka kwa kumtazama tu.

Mapezi yalikuwa ya Umeme, kwa sababu nyumbani kwa seremala msasa haukosekani. Mwalimu aliandika hatua ubaoni, kila mtu akazinakili kwenye daftari la kazi. Pezi lipigwe msasa. Libandikwe kwa gundi ya mbao, mbao tupu juu ya karatasi tupu. Gundi ya kwanza ingojewe ikauke kidogo, ipakwe ya pili, pezi lishikiliwe mpaka lishike. Kesho yake gundi ipakwe tena kwenye kona kati ya pezi na bomba, pande zote mbili, na ilainishwe kwa kidole. Ikikauka, vinyweleo vya mbao vizibwe kwa puti nyembamba, vipigwe msasa laini. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Kazi yote ni siku nne, na kila siku iandikwe tarehe na kilichofanyika. Mwalimu alisema hawezi kuingia katika nyumba ya kila mwanafunzi, kwa hiyo atakachokisoma daftarini ndicho atakachokiamini.

Jumamosi mama alikwenda kutia milango kwenye nyumba ya mteja, akamwachia Umeme ufunguo wa karakana. Umeme alitandaza vifaa vyake mezani. Lakini moyo wake haukuwa kwenye msasa. Siku iliyotangulia alikuwa ameiona roketi ya mapacha wa darasa la saba, imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa, na tangu hapo wivu ulikuwa umemkaa kooni. Alitaka yake ing'ae zaidi, na alitaka ing'ae leo.

Akapata wazo ambalo alidhani ni la kifundi. Kwa nini apake rangi mwisho, wakati brashi itakwama kwenye kona? Vipande vikiwa mbalimbali vinapakika kwa urahisi. Basi akapaka bomba rangi ya samawati kuanzia mwanzo hadi mwisho, mrija na mistari ya Rula vikafunikwa, akabakiza alama ndogo tatu za penseli. Mapezi akayapaka rangi nyeupe pande zote, hata ule ukingo wa kubandikia. Akavianika juani. Saa kumi jioni vilikuwa vikavu. Akachukua gundi ya haraka, ile ya kubandika soli za viatu, akabandika pezi la kwanza, la pili na la tatu, moja baada ya jingine. Kona zilionekana wazi kwamba hazina gundi, kwa hiyo akazijaza puti kwa kidole gumba, akaigusa kwa rangi. Kwa macho, roketi ile ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kisha akafungua daftari. Aliandika Jumamosi: msasa na gundi ya kwanza. Jumapili: gundi ya kona. Jumatatu: puti na msasa laini. Jumanne: rangi. Alitumia kalamu ya buluu kwa siku mbili na nyeusi kwa siku mbili, ili isijulikane kwamba yote yaliandikwa kikao kimoja. Hadi hapo mtu angesema ni haraka za kitoto. Ila mtoto anayebadilisha kalamu anajua anachokifanya, na Umeme alijua.

Roketi akaificha chini ya kitanda hadi Jumatano. Alipoitoa darasani, hata mapacha walisogea kuitazama. Mwalimu aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akasoma daftari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mtoto wa seremala ni seremala. Umeme alivikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu wote, naye akakipokea. Rula peke yake ndiye aliyeinama karibu na mapezi. Alimwuliza kama alingoja kati ya gundi ya kwanza na ya pili. Umeme akajibu alingoja sana, mpaka akachoka. Jibu lilitoka bila shida yoyote.

Alhamisi Rula alipoujaribu mrija kwenye waya aliona umelegea kidogo upande mmoja. Aliutoa, akakwangua rangi iliyokuwa imeuzunguka mpaka akaiona karatasi, akaubandika upya kwa gundi ya mbao. Na kwa kuwa alikuwa Rula, aliandika daftarini vilevile ilivyokuwa: mrija ulilegea, nimekwangua rangi, nimeubandika tena leo saa nane.

Siku ya kurusha ikafika, Ijumaa. Wazazi walikuja. Mama yake Umeme alikuja moja kwa moja kutoka kazini, unga wa mbao bado kichwani. Kamba ilifungwa kuzunguka uwanja, wanafunzi wakasimama nyuma yake, na watoto wa darasa la kwanza wakaketishwa kwenye mikeka kando ya ukuta wa ofisi. Roketi ya mapacha ilikwenda juu, mwavuli ukafunguka, watu wakapiga makofi. Ikafuata ya samawati na nyeupe. Wanafunzi walihesabu kwa sauti kutoka tano kurudi chini. Mwalimu akabonyeza swichi.

Iliondoka vizuri. Ilipofika usawa wa paa la shule, kitu cheupe kilichomoka ubavuni mwake. Hapo hapo roketi ikapinda, ikajizungusha kama mbwa anayefukuza mkia wake, kisha ikalala na kuja kwa upande, juu ya kamba, juu ya vichwa vya watu. Ikaugonga ukuta wa ofisi kimo cha mtu mzima juu ya watoto wa darasa la kwanza. Watoto walitawanyika wakilia. Mmoja wao, mvulana mdogo mwenye sare iliyomzidi mwili, aliteleza kwenye ngazi akapasuka mdomo. Damu ilishuka hadi kwenye shati.

Watu wazima wote walimkimbilia yule mtoto. Mama yake Umeme ndiye aliyemfikia wa kwanza, akamkalisha pajani na kumwosha mdomo. Lakini Umeme hakumtazama mtoto. Alikuwa akitazama majani, hatua kumi kutoka aliposimama, ambako pezi jeupe lilikuwa limelala. Alilifuata, akaliinua na kuligeuza. Kwenye ukingo wake, pale lilipopaswa kushika bomba, kulikuwa na utepe wa rangi ya samawati, mzima, umebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mtoto wa seremala hakuhitaji kuelezwa. Gundi ilikuwa imeishika rangi kwa nguvu zake zote, na rangi ndiyo iliyoachia karatasi.

Akalitia pezi kwenye mfuko wa sketi.

Mwalimu aliokota masalia. Bomba lilikuwa limepondeka na mapezi mawili yamevunjika vipande vipande. Aliuliza kama kuna aliyeliona la tatu. Hakuna aliyejibu. Uso wake ulikuwa umepauka, maana alijua kwamba roketi ingeshuka kidogo tu, wasingekuwa wanazungumzia mdomo. Aliwakusanya wanachama darasani, akayafungua madaftari mawili mezani. La Umeme lilionyesha siku nne, kila hatua mahali pake. La Rula lilionyesha mrija uliobandikwa jana yake mchana. Mwalimu aliweka kidole kwenye mstari huo. Alisema mrija haukupata muda wa kukauka, ukapinda kwenye waya, roketi ikatoka imetikisika, na ndiyo maana pezi likang'oka. Rula hataigusa roketi nyingine muhula huu. Umeme atajiunga na mapacha kwenye maonyesho, kwa kuwa ameonyesha jinsi kazi inavyofanywa.

Umeme alisikia akisifiwa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Alibaki ameketi, mkono mfukoni.

Rula hakujitetea. Alilia bila sauti, akiwa ameishika rula yake kwa mikono miwili. Walipotoka nje ya lango la shule alisimama, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Nisamehe," alimwambia Umeme. "Mapezi yako yalikuwa mazuri. Mimi ndiye nimekuharibia."

Umeme aliligusa pezi kwa vidole. Kingo zake zilikuwa kali.

"Si kitu," akasema.

Ndivyo alivyojibu. Katika siku zilizofuata, Umeme alijaribu kuyasahau maneno hayo mawili, lakini yalimrudia asubuhi akipiga mswaki, darasani akinakili, na jioni akiokota misumari. Angalau angenyamaza. Yeye alikuwa amemsamehe mtu ambaye hakumkosea.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila asubuhi Rula alimngoja yule mvulana wa darasa la kwanza langoni, akambebea mkoba hadi mlango wa darasa lake, kwa sababu alidhani ana deni naye. Kila asubuhi Umeme aliwaona, akapita upande wa pili. Mapacha walimwita fundi, akainamisha uso. Chakula kilimshinda. Mama alimgusa paji la uso akitafuta homa, hakuiona. Alipomwona anafagia polepole, akarudia mahali pamoja mara tatu, alitania kwamba leo umeme unakuja kidogo kidogo. Umeme hakucheka. Alimwambia mama kwamba roketi iliharibika kwa bahati mbaya na hakutaka kuizungumzia, na mama akaheshimu hilo. Pezi alilifunga kwenye leso akatembea nalo kwenye mkoba, kwa kuogopa kuliacha mahali popote.

Jumamosi iliyofuata, Rula alitokea mlangoni mwa karakana. Umeme alipomwona, ufagio ulimponyoka mkononi. Lakini Rula hakuwa amekuja kwake. Alimwamkia mama, shikamoo, akapokewa marahaba, kisha akaomba gundi kidogo. Alikuwa na vipande vya bomba na mirija ndani ya mfuko. Alieleza kwamba mwalimu alikuwa amegundua mrija wake ndio uliosababisha ajali, naye alitaka kuubandika tena na tena hadi aone alipokosea, ili siku moja asije akamwumiza mtoto mwingine.

Mama alimtazama. Kisha akamtazama Umeme, ambaye hakuwa amemwambia kwamba kuna mtu aliyelaumiwa. Akampa Rula gundi na nafasi mezani.

Rula alifanya kazi tangu asubuhi hadi jua likawa kichwani. Alibandika mirija kumi. Mingine alikuwa amekuja nayo, ameibandika nyumbani jana yake saa nane na kuandika saa kwenye karatasi. Mama aliiweka randa chini, akaja kuivuta mmoja mmoja kwa kucha. Hakuna uliotoka. Aliuvuta mmoja kwa nguvu mpaka karatasi ya bomba ikachanika, na mrija bado umeshika.

"Binti, huu haubanduki," alisema mama. "Siku ile hukukosea kitu. Kilichoachia ni kitu kingine. Tungelipata lile pezi lililochomoka tungejua, maana mbao haisemi uongo."

Rula alimwangalia kama mtu aliyeambiwa ameshinda bahati nasibu asiyoicheza. Aliuliza mara mbili kama mama ana hakika. Mama akasema ana hakika, miaka kumi na minane anabandika vitu.

Umeme alikuwa amesimama kwenye kona na chombo cha taka mkononi. Angeweza kuendelea kufagia, na hakuna ambaye angejua. Lakini rafiki yake alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, vidole vyake vimeganda gundi, akitafuta kosa lisilokuwa lake, na hilo Umeme hakuweza kulitazama zaidi. Aliweka chombo chini. Akafungua mkoba, akafungua leso, akaliweka pezi mezani, ukingo wa samawati juu.

Mama aliuona utepe wa rangi, akaelewa mara moja. Rula alichukua muda kidogo zaidi. Aliusogeza kwa ncha ya rula yake.

"Nilipaka rangi kwanza," Umeme alisema. "Yote nilifanya Jumamosi moja. Siku nne nilizoandika ni za uongo. Kalamu nilibadilisha makusudi. Pezi nililiokota mimi."

Umeme alingoja kelele, hata kofi angelipokea. Rula hakufanya fujo. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile langoni, nilipokuomba msamaha, ulikuwa nalo mfukoni?"

"Ndiyo."

Rula aliichukua rula yake, akamshukuru mama kwa gundi, akaondoka. Mirija aliiacha mezani.

Hapo ndipo Umeme alipolia, akilia kwa kwikwi, kamasi na vyote, ameketi sakafuni juu ya maranda. Mama alimwacha alie. Baadaye alivuta kigoda akakaa mbele yake, akamwambia kwamba kubandika vibaya ni kosa la mtu anayejifunza, na yeye mwenyewe alipokuwa anaanza kazi amewahi kumuuzia mtu kiti kikavunjika siku ya tatu. Kosa hilo halina aibu, mtu hulirekebisha. Aibu ilianza kwenye kalamu ya pili. Kuanzia pale kila uongo ulihitaji mwenzake wa kuushikilia, mpaka ukafika kwa mtu asiye na hatia ukamkalia mabegani.

"Jumatatu utamwambia mwalimu," alisema mama. "Mimi nitakuja, lakini sitakusemea. Nitasimama mlangoni."

Jumatatu mama alisimama mlangoni. Umeme alisimama mbele ya chama kizima, pezi mkononi, akasema yote, na safari hii hakuyaharakisha maneno. Mapacha walitazama madawati yao. Rula alitazama dirishani. Umeme alipomaliza, mwalimu alilichukua pezi, akaligeuza, akauona utepe wa samawati. Kisha akainuka, akamwendea Rula, akamwomba radhi mbele ya wote. Alisema alimhukumu mwanafunzi aliyeandika ukweli na kumsifu aliyeandika vizuri, na kwamba mwalimu naye hukosa. Rula ataunda roketi mpya na kwenda nayo kwenye maonyesho. Umeme hatakwenda.

Umeme aliikubali adhabu hiyo bila kunung'unika. Saa ya mapumziko alikwenda darasa la kwanza, akamwambia yule mvulana mdogo kwamba roketi iliyomwogopesha ilikuwa kosa lake, si la yule dada anayembebea mkoba. Mvulana alimsikiliza, akafungua mdomo kumwonyesha kovu, akauliza kama dada ataendelea kumbebea. Umeme alisema hajui, ila kama hataendelea, yeye yupo.

Siku tatu Rula hakusema naye. Siku ya nne alikuja karakanani na bomba jipya, limepigwa mistari mitatu iliyonyooka, halina hata tone la rangi. Aliliweka mezani mbele ya Umeme.

"Mapezi," alisema. "Utabandika wewe, unajua mbao kuliko mimi. Lakini nitakaa hapa nikikutazama."

Akakaa kweli, siku zote nne, na hakuwa na mazungumzo. Umeme alipiga msasa, akapaka gundi ya kwanza, akangoja mikono ikiwa imefungamana ili isimponyoke. Pezi la pili lilishika likiwa limepinda kidogo, unene wa ukucha. Hakuna ambaye angeliona kwa macho. Umeme alilitoa gundi ingali mbichi, akakwangua gundi yote, akaanza upya, na daftarini akaandika kwamba la pili lilipinda na limerudiwa. Rula alisoma mstari huo. Alitia sahihi chini yake. Siku ya pili ikawa ya gundi ya kona, iliyolainishwa kwa kidole. Siku ya tatu puti na msasa laini, mpaka mbao ikawa nyororo kama kikombe. Siku ya nne, ya mwisho kabisa, rangi, na Rula ndiye aliyechagua. Alichagua kijivu.

Iliporushwa uwanjani kwa majaribio, Umeme alikuwa nyuma ya kamba, mbali, pamoja na watoto wa darasa la kwanza ambao sasa waliketishwa upande wa pili wa uwanja. Mama yake alisimama karibu naye. Roketi ya kijivu ilipanda, ikalipita paa, ikaupita mnara wa tangi la maji, imenyooka, ikawa nukta. Mwavuli ulifunguka. Watoto walipiga kelele za furaha. Rula aliruka juu, akamkumbatia mmoja wa mapacha, akaruka tena. Kisha akageuka, macho yake yakapita kwenye umati hadi yakamfikia Umeme. Tabasamu lilisita usoni. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemjua mwenzake kwa mbali, halafu akakimbilia mwavuli uliokuwa ukishuka.

Umeme alimgeukia mama yake.

"Mama, atanisamehe lini?"

Mama alimsafisha bega, ambako hapakuwa na uchafu.

"Sijui, mwanangu. Kusema ukweli ni kazi yako, na umeifanya. Kukuamini tena ni kazi yake, na hiyo huwezi kumfanyia wala kumharakisha. Mtu uliyemdanganya anachukua muda anaoutaka. Wewe kesho uwe mkweli, na kesho kutwa, hata siku ambazo hakutazami."

Umeme aliitikia kwa kichwa. Kule uwanjani Rula alikuwa amepiga magoti, anaikagua roketi. Alilivuta pezi moja kwa kucha, kisha la pili, kisha la tatu, moja baada ya jingine, kwa makini, kama mtu ambaye bado hana hakika. Yote matatu yalikuwa yameshika. Umeme alimtazama mpaka mwisho, na aibu ikampanda tena usoni, lakini safari hii hakugeuza macho.